Mtetezi wa Umma Anapoomba Kura: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mhariri, mimi ni mfuatiliaji wa siasa za Marekani. Huko yupo mwanasheria anayewania kiti katika Baraza la Wawakilishi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtetezi wa umma, yaani wakili anayelipwa na umma ili kuwatetea washtakiwa wasio na fedha za kuweka wakili. Wapinzani wake wanamwita rafiki wa wauaji. Je, mtu wa namna hiyo ana uso gani wa kuwaomba wananchi kura?

JIBU: Uso anao, kwa sababu kazi anayolaumiwa nayo ni agizo la Katiba ya nchi yake. Mwaka 1961 mtu mmoja maskini aitwaye Clarence Earl Gideon alishtakiwa mjini Panama City, jimboni Florida, kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool kwa nia ya kuiba. Aliomba wakili akanyimwa, kwa kuwa sheria ya Florida wakati huo iliruhusu mahakama impe mshtakiwa wakili pale tu anapokabiliwa na adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu, na tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 wakakubaliana kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo ni lazima apewe wakili. Kesi yake ilisikilizwa upya mwaka huohuo, safari hii akiwa na wakili, na akaachiwa huru. Wapinzani wa mgombea huyu wangefanya vyema kukumbuka sehemu hiyo ya mwisho: ushahidi ulioonekana kutosha mbele ya mtu asiyejua sheria haukutosha mbele ya mtu anayeijua.

Tena mtetezi wa umma hachagui wateja. Hupangiwa, na maadili ya uwakili nchini humo yanasema wazi kwamba kumwakilisha mtu mahakamani si kuunga mkono maoni wala matendo yake. Hata hivyo shutuma hizi hazikuanza leo. Mwaka 2016 Tim Kaine, mgombea mwenza wa urais, alishambuliwa kwa kuwatetea watu waliohukumiwa kifo. Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson, aliyewahi kuwa mtetezi wa umma, aliulizwa na baadhi ya maseneta kuhusu wateja wake kabla ya kuthibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mwendesha mashtaka anayeingia katika siasa ni nadra kuulizwa kuhusu watu aliowafunga kimakosa, na kwa maoni yangu swali hilo lina uzito kuliko hili. Wapiga kura wa Dallas, kwa upande wao, mwaka huohuo wa 2022 walimchagua Jasmine Crockett kuingia Baraza la Wawakilishi, naye aliwahi kufanya kazi ya utetezi wa umma katika kaunti ya Bowie, jimboni Texas.

SWALI: Je, ni lazima aache kazi kabla ya kugombea? Na akiiacha, ataishi vipi?

JIBU: Inategemea mwajiri wake. Aliyeajiriwa katika ofisi ya utetezi ya serikali ya shirikisho hana hiari, kwani kanuni za maadili ya ofisi hizo zinamkataza kugombea kiti kwa tiketi ya chama. Aliyeajiriwa na jimbo au kaunti hufuata sheria za huko, nazo hutofautiana, isipokuwa kama mshahara wake wote unatokana na fedha za shirikisho. Hapo sheria ya mwaka 1939 iitwayo Hatch humzuia.

Kuhusu riziki, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024 zinamruhusu mgombea asiyeshikilia kiti cha shirikisho kujilipa kutoka mfuko wa kampeni, lakini malipo hayo hayawezi kuzidi nusu ya mshahara wa mbunge, ambao tangu 2009 ni dola 174,000 kwa mwaka, wala wastani wa kipato chake mwenyewe cha miaka 5, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Mimi ningejali zaidi wateja anaowaacha, maana mshtakiwa aliye rumande, ambaye ametumia miezi kumzoea wakili mmoja, huumia jalada lake linapohamishiwa kwa mgeni.

SWALI: Anaruhusiwa kusimulia kesi zake jukwaani?

JIBU: Aliyoambiwa na mteja kwa siri hawezi kuyasema bila ridhaa ya mteja mwenyewe, hata baada ya kesi kwisha. Mgombea anayemwaga siri hizo ili apate makofi asipewe kura.

SWALI: Akishinda, ataweza kubadilisha nini hasa?

JIBU: Machache kuliko anavyoahidi, pengine. Kesi nyingi za jinai nchini Marekani husikilizwa katika mahakama za majimbo, chini ya sheria za majimbo, na mbunge mmoja kati ya 435 hawezi kuiamuru kaunti iajiri mawakili zaidi.

Lakini yapo yaliyo mikononi mwa Bunge lenyewe. Mwaka 1986 lilitunga sheria iliyompa mtu aliyekutwa akiuza gramu 5 za kokeini ya vipande, maarufu kama kraki, kifungo kisichopungua miaka 5, adhabu ileile iliyohitaji gramu 500 za kokeini ya unga. Waliosimama kando ya wafungwa hao siku ya hukumu walikuwa mara nyingi watetezi wa umma. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulipunguzwa hadi 18 kwa 1 mwaka 2010, na waliohukumiwa kabla ya hapo walisubiri hadi 2018 ndipo Bunge likawaruhusu kuomba wapunguziwe vifungo. Bunge hilohilo ndilo linaloidhinisha bajeti ya watetezi katika mahakama za shirikisho. Ukipata nafasi ya kumuuliza mgombea wako jambo moja, muulize ni kifungu kipi cha sheria ya shirikisho anataka kukibadilisha, na ni kesi za aina gani zilizomfundisha kwamba kina kasoro.