Kwa anayeanza kurusha harusi mubashara: tenga sauti za kompyuta

Vijana wanaoanza kazi hii hapa Amu (Lamu) huniuliza kamera kwanza. Kamera hainishughulishi sana. Jamaa walioko Maskati na Jeddah watavumilia picha inayogandaganda, ila sauti ikiharibika wanaanza kupiga simu, na simu zenyewe zinalia kwenye kompyuta ileile unayorushia.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Langoni. Ami yake bibi harusi alikuwa Maskati, akatakiwa aombe dua kwa simu ya video, ukumbi mzima umsikie. Sauti zote za laptopu zilitoka tundu moja, zikaingia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), na mikisa ikazirudisha zote kwenye laptopu. Kila neno alilosema lilimrudia masikioni baada ya kitambo. Akawa asema, anyamaza, "Alo? Mwanisikia?" Katikati ya dua ukalia mlio wa WhatsApp kwenye spika mbili kubwa. Bibi mmoja nyuma akasema, "Mwambieni huyo fundi afukuze mainzi yake."

Siku hizi, kabla sijagusa waya, nachukua karatasi naandika nani asikie nini. Ukumbini wasikie vipaza sauti, kasida na ami. Watazamaji hivyohivyo. Ami asikie vipaza sauti tu, sauti yake isimrudie. Mimi nisikie na milio ya ujumbe. Mstari wa ami ndio mgumu, na dawa yake iko kwenye mikisa: tumia njia ya AUX, yaani njia ya pembeni ya kutolea mchanganyiko wa sauti ulio tofauti na wa ukumbini; ndani yake fungua vipaza sauti, chaneli ya laptopu ishushe hadi sifuri. Hiyo AUX ndiyo iingie kwenye simu kama maikrofoni. Na yeye akisema, punguza vipaza sauti vya ukumbini, maana vinamwokota kutoka kwenye spika.

Kwenye kompyuta, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB upate matokeo mawili, yaani njia mbili za kutolea sauti. Windows 10 na 11 hukuruhusu kuipa kila programu tokeo lake. Wengi hufanya spika za ukumbi kuwa kifaa cha msingi. Wewe fanya kinyume: cha msingi kiwe hedifoni zako, kisha programu ya simu na ya kasida tu uzielekeze kwenye mikisa. Mlio wowote wa ghafla utaishia masikioni mwako.

Kwenye OBS, programu ya kurushia video mubashara, zima chanzo kinachochukua sauti ya kompyuta nzima. Ukikisahau, mainzi hawaonekani ukumbini lakini wamefika Maskati. Tangu toleo la 28, la mwaka 2022, OBS ya Windows yaweza kuchukua sauti ya programu moja moja. Kompyuta ikiwa kuukuu, tumia VB-CABLE, waya usioshikika: ni programu inayopitisha sauti kutoka programu moja hadi nyingine. Majina yake huchanganya: CABLE Input utaiona kati ya spika, kwa kuwa hapo ndipo programu inapomimina, CABLE Output iko kati ya maikrofoni, nayo ndiyo OBS inachota. Vifaa vyote viweke kiwango kimoja cha sampuli za sauti (sample rate), 48,000 Hz.

Kisha jaribu mapema, kabla wageni hawajaingia. Mpigie mwenzako, ahesabu moja hadi kumi polepole. Akijisikia, rudi kwenye AUX. Ikisha kuwa sawa, ile USB usiichomoe tena; ukiichomeka tundu jingine, Windows yaweza kuiona ni kifaa kipya na kazi yako yote ikapotea. Langu nimelibandika utepe mwekundu.