Mwanangu, itetee Ijumaa yao

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tabora. Baba yako hajambo, na goti lake linaendelea vizuri. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaona jibu lake halifai kuandikwa kwa vidole viwili kwenye simu. Ndiyo maana nimekaa mezani na karatasi.

Umesema mkuu wa shule amekukabidhi michezo na utamaduni, na hapohapo akakudokezea kwamba kuanzia muhula ujao anataka kuifuta Ijumaa mchana. Mdahalo, klabu na michezo viondoke, kidato cha nne waingie kambi ya masomo mapema, na mahafali yawe ya kugawa vyeti tu, watu watawanyike. Ukaniuliza: “Mama, umesoma bweni na umefundisha miaka mingi. Nimkatalie, au ni kweli mambo haya yanawapotezea watoto muda?”

Itetee hiyo Ijumaa. Mahafali nayo yatetee, ila hayo yanahitaji kupunguzwa, nitakueleza. Lakini usiitetee kwa sababu kwamba watoto wanahitaji kupumzika. Mkuu wako atakujibu kuwa watapumzika wakishafaulu, nawe utakosa neno. Itetee kwa sababu ndiyo saa pekee ya wiki ambayo wanafunzi wenyewe wanapanga jambo, wanalisimamia na kulimaliza. Saa nyingine zote wanapangiwa.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1982, shule ya wasichana, Morogoro. Serikali ilikuwa inatulipia kila kitu, hata safari. Tulipewa waranti ya treni, tukapanda hapa Tabora na matranka yetu, na kufika Saranda kila mwenye senti mfukoni alinunua kuku. Njuka, yaani wanafunzi wapya, walikuwa wanalia mpaka Dodoma. Wakati wa kurudi likizo ni haohao waliokuwa wanaimba behewa zima, abiria wengine wakashindwa kulala.

Maisha ya shule yenyewe unayajua kwa kuyasikia. Kengele ya alfajiri, mchakamchaka, usafi, uji, mstarini, vipindi hadi mchana, kisha ugali na maharage. Jioni shambani, maana ilikuwa zama za Elimu ya Kujitegemea na jembe lilikuwa kwenye orodha ya vifaa sawa na daftari. Usiku prepo, kujisomea darasani. Ile miaka bidhaa zilikuwa adimu nchi nzima. Uji tuliunywa bila sukari, na mche mmoja wa sabuni tuliukata vipande tukagawana. Sikuambii haya ili uwaone watoto wako wamedekezwa. Nakuambia ili ujue Jumamosi ilikuja kwetu ikiwa na uzito gani.

Jumamosi asubuhi tulifua na kusukana. Mchana netiboli. Jioni mdahalo, na baada ya mdahalo burudani: wiki moja kwaya na ngonjera, wiki nyingine mchezo wa kuigiza, na mara mojamoja disko kwa redio kaseti ya matroni, wasichana watupu, tunacheza nyimbo za bendi za Sikinde na Juwata tulizokuwa tukizisikia Radio Tanzania. Televisheni Bara haikuwapo, ilikuja mwaka 1994. Kama hukutengeneza furaha yako mwenyewe, ulilala mapema.

Tena walimu hawakuwa wanafanya lolote. Mwalimu wa zamu alikaa nyuma ya bwalo anasahihisha madaftari. Kiranja wa burudani ndiye aliyepanga ratiba, akamfuata mkuu kuomba ruhusa, akaazima taa ya karabai, akazima ugomvi wa bweni na bweni juu ya nani aanze. Kulikuwa na dada mmoja wa kidato cha tatu, Hesabu zilimshinda kabisa, darasani hakuna aliyemjua. Jumamosi shule nzima ilikuwa inamsubiri yeye. Alitunga michezo, akagawa nafasi, akashona mavazi kwa magunia. Leo ana kiwanda chake cha ushonaji na ameajiri watu. Sisemi Jumamosi ndiyo iliyompa kiwanda. Nasema hapo ndipo alipozoea kuwaongoza watu na wao wakakubali.

Tuje kwa watoto wako, maana shule yako si ya bweni. Wewe unafundisha shule ya kata, moja ya zile zilizoanza kujengwa kwa wingi kuanzia 2004, na nazishukuru shule hizo, maana bila hizo wengi wa wanafunzi wako wangeishia darasa la saba. Umeniandikia kwamba wapo wanaoamka saa kumi na moja na kutembea mpaka saa moja. Wapo waliopanga mageto karibu na shule, wanajipikia. Wakitoka hapo saa tisa, msichana anakwenda kisimani, jikoni na kwa mdogo wake, mvulana anakwenda kwa mifugo au kijiweni. Hawana bwalo wala Jumamosi jioni. Sisi tuliishi pamoja saa zote, burudani ikifutwa tungeiba hata bwenini baada ya taa kuzimwa. Wao Ijumaa ikifutwa hawana mahali pengine pa kuipata. Na wasichana ndio watakaoumia zaidi, kwa sababu mvulana atapata mpira wake mtaani hata hivyo. Msichana anayetaka kucheza au kuimba anahitaji shule imwambie mama yake kwamba hiyo ni ratiba ya shule.

Hilo ndilo ningelianza nalo mbele ya mkuu. Usimpinge kikaoni mbele ya walimu, mfuate ofisini peke yake, umsikilize kwanza. Yeye anaulizwa matokeo ya kidato cha nne kila Januari, haulizwi mdahalo, na shinikizo hilo ni la kweli. Usimdharau.

Kisha mwambie mambo mawili. Kwanza UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari. Mchujo wake unaanzia shuleni, unapanda wilaya, mkoa, hadi taifa, na si mpira peke yake, kuna riadha, wavu, netiboli, kwaya na ngoma. Shule isiyo na Ijumaa haina timu, itaokota watoto wiki ya mwisho na kufungwa mechi ya kwanza. Mimi nilikuwa kazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano yale yaliposimamishwa ili watoto wasome. Niliona viwanja vinaota majani, jezi zinaliwa na panya stoo, na walimu wa michezo wanasahau hata kupima uwanja. Yaliporudishwa, baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia, tulianza sifuri. Kufuta ni siku moja. Kufufua kulituchukua miaka.

Pili, mdahalo. Masomo karibu yote, ukiacha Kiswahili na machache mengine, wanafanyia mtihani kwa Kiingereza, na darasani wanakaa kimya kwa kuogopa kuchekwa. Weka mdahalo wiki moja Kiswahili, wiki inayofuata Kiingereza. Kwenye ile ya Kiswahili mtoto anajifunza kujenga hoja, kupinga bila kutukana, kusimama mbele ya watu mia mbili. Akishazoea kusimama, Kiingereza kitakuja hata kikiwa cha kuvunjikavunjika. Mwombe mkuu akupe muhula mmoja, umwonyeshe pia daftari la mahudhurio ya Ijumaa. Umeniandikia mwenyewe kwamba Ijumaa utoro unapungua. Hesabu hiyo anaielewa kuliko maneno yangu yote.

Sasa ukishapewa Ijumaa yako, nakuomba jambo gumu. Usiifanye wewe.

Nakujua. Utataka kupanga ratiba, kuchagua mada, kuandika ngonjera usiku na kuwapa waikariri. Waachie. Wachague kamati yao, wavulana na wasichana sawa, na asiwe kaka mkuu na dada mkuu peke yao, maana hao wameshazoea kusikilizwa. Wewe kaa nyuma. Mada zao zitakukera. Watataka kubishana Simba na Yanga nani ana haki ya kombe, au kama mwanamuziki fulani wa Bongo Fleva ni mkubwa kuliko mwenzake. Waache wabishane, mradi kila mmoja alete ushahidi na aheshimu saa ya mwenzake. Wakitaka singeli, sikiliza maneno yake kwanza, yasiyo na matusi yapite. Mimi singeli inanichosha masikio, lakini naona vijana wanavyoicheza na kuitungia mistari papo kwa papo, na kipaji hicho si kidogo.

Na usitafute burudani mbali na nyumbani kwao. Hapo Manyoni umezungukwa na Wagogo. Wana zeze la nyuzi, wana ilimba ya kupigwa kwa vidole, wana uimbaji wa sauti nyingi unaosisimua mwili, na wana muheme, ngoma ambayo wapigaji wake ni wanawake. Waulize wasichana wako ni nani bibi yake anaipiga. Mwalike bibi huyo Ijumaa moja, akae kwenye kiti cha mbele, awafundishe. Hailipiwi hiyo zaidi ya soda na nauli. Nilivyokuwa nafundisha nilishangaa ni watoto wangapi waliona haya kwa ngoma ya kwao mpaka siku walipoipiga wakashangiliwa.

Klabu zisizidi nguvu zako. Ukipata ya mazingira, ya Fema, ile ya jarida la vijana, na ya sayansi inatosha. Vikundi vya dini vina viongozi wao tayari, UKWATA na TYCS za Wakristo, TAMSYA ya Waislamu, wewe wape vyumba na uhakikishe hakuna anayelazimishwa. Kitu kimoja tu kisikupite: kubeti. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini nyumbani na kijiweni wanazo, na wapo wanaoweka mkeka kwa pesa ya chakula cha mchana. Ukisikia wanataja timu za Ulaya na namba za ajabuajabu, zungumza nao faragha, usiwatangaze mstarini.

Mahafali. Hapa namuelewa mkuu wako kwa nusu. Nimehudhuria mahafali ya shule za siku hizi mpaka nikachoka: muziki wa kukodi, MC wa kulipwa, sare mpya ya siku moja, keki ya ghorofa tatu, na mama amekaa nyuma na kanga yake ya heshima akiwa ameuza mbuzi ili mtoto asiaibike. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, michango ya lazima ikakatazwa, kisha michango hiyo ikaingia kupitia mlango wa sherehe. Hilo likate. Mtoto ambaye nyumbani hawana asijulikane siku hiyo kwamba hawana. Wote wavae sare ya shule iliyofuliwa na kupigwa pasi. Chakula kiwe kilekile cha shule, kikiongezwa pilau kama wazazi wataleta mchele kwa hiari. Hata wakileta mahindi, yapokee kwa mikono miwili.

Lakini usikubali yawe ya kugawa vyeti tu. Fikiria wanafunzi wako ni akina nani. Novemba watafanya mtihani, na baada ya hapo wapo watakaokwenda kidato cha tano, wapo watakaokwenda chuo cha ufundi, na wengi wataingia shambani na sokoni moja kwa moja. Kwa mtoto wa namna hiyo, mahafali ni siku ya kwanza jina lake kuitwa kwa kipaza sauti, baba yake ambaye hajawahi kukanyaga shuleni akiwa amekaa chini ya hema, shangazi akija mbio kumvisha shada la maua huku anapiga vigelegele. Wapo ambao hawatafanyiwa sherehe nyingine kwa jina lao mpaka waolewe. Mkuu wako anaona saa nne zimepotea. Mimi naona ukoo mzima umejua kwamba binti huyu amemaliza kitu, na pengine mdogo wake hataachishwa shule.

Kwa hiyo kila jina liitwe lote, la mtoto na la mzazi, polepole, hata wakiwa mia na ishirini. Punguza hotuba ya mgeni rasmi, si majina. Risala waiandike wahitimu wenyewe, na kama wanataka kusema choo cha wasichana hakina mlango, waachie waseme. Mgeni rasmi huwa na haya ya kuondoka bila kuahidi mlango. Ngonjera wapewe kidato cha pili, ili wazoee. Na ukiweza kupata daftari kubwa moja, liweke mezani kila mhitimu aandike mistari michache kwa wanaobaki. Sisi kila mtu alikuwa na otografu yake. Yangu bado iko sandukuni, ukija Desemba nitakuonyesha.

Nimezungumza na mjomba wako anayefanya kazi stendi. Jumamosi nitampa mpira wa netiboli na mmoja wa miguu, vyote vipya, pamoja na pampu, aviweke kwenye basi la mchana. Uvifuate Manyoni mjini mwenyewe, usitume mtu. Netiboli ni ya wasichana, andika hivyo juu yake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu wavulana watausogelea. Ukishaongea na mkuu nipigie usiku baada ya saa mbili, baba yako naye anataka kusikia amejibu nini.

Nisalimie mkeo na mjukuu wangu.

Ni mimi mama yako.