Vienna kwa posho ndogo: kula, mvinyo na muziki mwishoni mwa Septemba

Ndugu mleta mada, umesema utakuwa Vienna wiki ya mwisho ya Septemba kwa mkutano wa kikazi, kwamba jioni na Jumapili nzima zitakuwa zako, na kwamba unahofia posho haitatosha kula vizuri, kuonja mvinyo na kusikiliza muziki katika mji uliozoea wafalme. Niliishi huko miaka kadhaa kwa kipato cha mwanafunzi, na ninaweza kukuhakikishia kwamba utafurahia yote matatu ukikubali kufuata saa na majira ya wakazi wenyewe. Vienna humtoza sana mgeni anayekula mlo mkubwa usiku katikati ya mji, kisha akanunua tiketi ya tamasha kwa wachuuzi waliovaa mawigi meupe na makoti ya enzi za mtunzi wa muziki Mozart. Anayekula mchana, akapanda tramu hadi kituo cha mwisho na kukubali kusimama saa chache, hupata mambo bora ya mji huo kwa fedha kidogo.

Nianze na mvinyo, kwa sababu hapo ndipo utakapofika kwa majira mazuri kuliko yote. Ndani ya mipaka ya jiji lenyewe kuna mamia ya hekta za mizabibu, hasa kwenye vilima vya kaskazini-magharibi na ng'ambo ya mto Danube. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II alitoa amri iliyowaruhusu watu kuuza majumbani mwao mvinyo na mazao waliyozalisha wenyewe, na kutokana na ruhusa hiyo pakakua desturi ya heuriger: nyumba ya mkulima wa zabibu yenye meza za mbao uani, ambapo unakunywa kilichotoka katika mashamba ya mwenye nyumba. Tawi la msonobari lililotundikwa juu ya mlango, mara nyingi pamoja na taa, ndilo tangazo kwamba wamefungua. Nyingi hufungua kwa zamu, wiki kadhaa kisha zinafunga, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanda tramu.

Watakaokuelekeza hotelini huenda wakakutajia Grinzing, mtaa wa mvinyo pembezoni mwa mji. Ni mahali pazuri kwa macho, lakini mabasi ya watalii hufika huko kila jioni na bei hufuata mabasi hayo. Mimi ningekupeleka Stammersdorf, mwisho wa tramu namba 31 inayoanzia Schottenring, ambapo nyumba za wakulima zimepangana kando ya barabara na wanaokaa meza ya jirani ni wazee wa mtaa huo huo. Kama unapenda kutembea, panda tramu D hadi Nussdorf, kisha fuata njia ya miguu inayopanda kilima cha Nussberg katikati ya mizabibu. Siku za mwisho wa wiki hali ya hewa ikiwa njema, baadhi ya wakulima huweka meza huko huko shambani, na unakunywa ukiutazama mto na mji wote chini yako. Kwa kawaida mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba jiji huandaa pia siku za matembezi ya mizabibuni, wakulima wakiuza mvinyo na vyakula kando ya njia. Kutembea huko hakulipiwi.

Ukishaketi, mvinyo huletwa na mhudumu, lakini chakula mara nyingi unakifuata mwenyewe kaunta, ambako utaonyesha kwa kidole kipande cha nyama ya nguruwe ya kuokwa, matango ya siki, mkate mweusi na ile jibini laini iliyochanganywa na paprika wanayoiita Liptauer. Kwa kuwa unachagua kiasi, unajua mapema utalipa nini. Mvinyo hupimwa kwa sehemu ya nane au robo ya lita, na wakazi wengi huagiza gespritzter, mvinyo mweupe uliotiwa maji ya soda kwa kiasi cha nusu kwa nusu. Watu huzungumza juu ya glasi hiyo saa nzima bila mtu kuwaharakisha.

Mvinyo wa kuuliza kwa jina ni Wiener Gemischter Satz. Aina tatu au zaidi za zabibu nyeupe hupandwa zikiwa zimechanganyika katika shamba moja, huvunwa siku moja na kukamuliwa pamoja, na kanuni zinazoulinda tangu mwaka 2013 zinakataza aina yoyote kuzidi nusu ya mchanganyiko. Wakulima wa zamani walikuwa na sababu nzuri ya kupanda hivyo, kwani baridi kali ikiharibu aina inayochanua mapema, ile inayochelewa husalimika, na mavuno hayapotei yote. Katika glasi moja unapata zabibu zilizoiva barabara pamoja na nyingine zilizobaki na ukali kidogo, na ninaamini ndiyo maana mvinyo huu mkavu unaelewana na karibu kila chakula cha mji huo.

Kwa kuwa ni Septemba, utakutana pia na Sturm, maji ya zabibu yaliyo katikati ya kuchacha. Yana ukungu mzito, yanasisimua ulimi kwa mapovu, na utamu wake unafunika kilevi kilichomo. Chupa zake hazizibwi kabisa kwa sababu gesi bado inatoka, hivyo ukinunua moja sokoni ibebe wima, kamwe usiilaze ndani ya begi. Kunywa polepole, tena baada ya kula.

Kuhusu chakula cha kawaida, siku za kazi kula mlo mkubwa mchana. Migahawa ya mitaani inayoitwa beisl, pamoja na mingine mingi, huwa na mlo maalumu wa mchana, kwa kawaida supu na sahani moja kuu, kwa bei iliyo chini sana kuliko ya jioni, na ni jiko lile lile linalopika. Ukiagiza Wiener Schnitzel, kipande chembamba cha nyama kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa, fahamu kwamba jina hilo peke yake ni la nyama ya ndama. Ile ya nguruwe lazima itajwe hivyo kwenye orodha, ni nafuu zaidi, na ikikaangwa vizuri sioni sababu ya kuionea haya. Naschmarkt ni soko la kupendeza kulitembelea, ila kwa kununua nenda Brunnenmarkt katika mtaa wa Ottakring, ambako wachuuzi wengi wana asili ya Uturuki na nchi za Balkani, na matunda, mizeituni na mikate yao ni ya bei ya mkazi. Usiku wa manane kibanda cha soseji kitakutosha: omba Käsekrainer, soseji yenye vipande vya jibini vinavyoyeyuka ndani, pamoja na haradali na mkate. Usinunue maji ya chupa. Maji ya bomba ya Vienna hutoka chemchemi za milima ya Alps kwa mabomba mawili makuu, la kwanza likifunguliwa mwaka 1873 na la pili mwaka 1910, nayo ni baridi na matamu.

Sasa muziki, ambao ndio ulionifanya niandike jibu refu namna hii. Jumba la opera la taifa, lililofunguliwa mwaka 1869, lina viti vya bei ya juu vinavyozidi euro 200, lakini pia lina mamia ya nafasi za kusimama ambazo huuzwa siku ile ile ya onyesho, na nilipokuwa huko hazikuwahi kufika hata euro 20. Angalia utaratibu wa mauzo kwenye tovuti ya jumba lenyewe asubuhi ya siku hiyo. Ukiweza, chukua nafasi za chini, nyuma ya viti vya ukumbini, maana unalitazama jukwaa moja kwa moja kutoka katikati ya nyumba. Nilipokuwa huko, ukishaingia ulifunga skafu yako kwenye upao wa kuegemea mbele yako; huo ndio uliokuwa utaratibu wa kushika nafasi, kila mtu aliuheshimu, na uliweza kutoka kunyosha miguu hadi kengele ilie. Pembeni yako watasimama wanafunzi wa muziki na wastaafu wanaoijua kila sauti, na wakimpigia mwimbaji makofi utaelewa kwamba anayastahili. Ukipewa kuchagua, usianze na opera ya mtunzi Wagner inayochukua muda wa saa tano, kwa kuwa miguu ikichoka hata masikio hayasikii. Ukikosa nafasi, baadhi ya maonyesho ya Septemba hurushwa moja kwa moja kwenye skrini kubwa uwanjani kando ya jumba, bila malipo.

Jumapili maduka mengi ya vyakula hufungwa, basi nunua mahitaji yako Jumamosi. Saa 5 asubuhi uwe Augustinerkirche, kanisa la zamani la familia ya kifalme, ambako katika msimu misa kuu huimbwa na kwaya pamoja na okestra, mara nyingi kwa kazi za Haydn, Mozart au Schubert. Hakuna tiketi, ila kikapu cha sadaka kitapita, nawe uingie kama mwenye ibada. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu hadi Wien Museum iliyoko Karlsplatz, iliyofunguliwa upya Desemba 2023, ambayo maonyesho yake ya kudumu kuhusu historia ya jiji hayana kiingilio. Alasiri panda tramu D uelekee Nussdorf, ukiwa na fedha taslimu mfukoni, kwa sababu si kila mkulima anapokea kadi.