Maswali ya Wasomaji: Video ya Simu Kwenye Kioo cha Runinga

Nimenunua adapta ya Type-C kwenda HDMI nitazame mechi za kwenye simu kupitia TV. Simu inachaji vizuri kupitia adapta hiyo, lakini TV inaandika "No Signal". Nimeshabadilisha waya wa HDMI mara mbili. Je, adapta ni mbovu? (Msomaji, Morogoro)

Huenda adapta ni nzima kabisa, hivyo usinunue waya wa tatu. Matundu ya Type-C yanafanana kwa nje, lakini si yote yanayotoa picha. Tundu hilo lina pini 24, na picha hupita kwenye pini zilezile zinazobeba data ya kasi ya USB 3. Mtengenezaji wa simu ya bei nafuu mara nyingi huunganisha pini za USB 2.0 (toleo la zamani la kasi ndogo) na za chaji tu. Adapta haitengenezi picha. Kazi yake ni kupokea ishara ya picha iitwayo DisplayPort kutoka kwenye simu na kuigeuza iwe HDMI. Simu isipotoa ishara hiyo, hakuna adapta ya aina hii wala waya utakaosaidia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuta sifa za simu yako kwa jina na namba kamili ya toleo, kisha soma sehemu ya USB. Ukiona neno DisplayPort, nunua. Ukiona "USB 2.0" peke yake, acha. Samsung za Galaxy S kuanzia S8 hutoa picha, ila Galaxy A nyingi hazitoi. Google Pixel hutoa kuanzia Pixel 8. Kwa iPhone ni kuanzia iPhone 15, na hapo kuna jambo la kuangalia: iPhone 15 ya kawaida ina kasi ya USB 2.0 na bado hutoa picha. Ndiyo maana tunasisitiza utafute neno DisplayPort, usiishie kwenye namba ya USB.

Kama simu yako imo kwenye kundi linalotoa picha, basi hakikisha kwa rimoti umechagua HDMI ileile uliyochomeka, 1 au 2. Chagua pia adapta yenye tundu la pili la chaji, maana mechi ya dakika 90 inakula betri sana.

Nimerekodi harusi ya mwanangu kwa simu, nikahamishia kwenye flashi. Kwenye TV ya sebuleni video nyingine zinatoa sauti bila picha, na moja ndefu imekataa kabisa kuingia kwenye flashi. Nifanyeje? (Mama, Mombasa)

Hongera kwa harusi, Mama. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na video zako ziko salama. Usifute chochote kwenye simu kwanza.

Sauti bila picha maana yake TV haielewi namna picha ilivyobanwa. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa HEVC, yaani H.265, ili kuokoa nafasi, wakati TV nyingi za zamani zinajua H.264 tu. Kubadili jina la faili hakusaidii, kwani kilichomo ndani ni kilekile. Mpe kijana mwenye kompyuta aweke programu ya bure ya HandBrake, afungue video, achague "Fast 1080p30", kisha ahifadhi. Inatoka MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC, ambayo karibu kila TV yenye USB huicheza. (Ikiwa siku nyingine utaona picha bila sauti, basi sauti ndiyo ya kugeuzwa, na njia ni hiyohiyo.)

Ile iliyokataa kuingia imegonga mpaka wa FAT32, mpangilio wa flashi usiopokea faili moja inayozidi GB 4. iPhone ikirekodi 4K kwa H.264 hutumia takriban MB 350 kwa dakika, kwa hiyo dakika 12 tu zinatosha kufika hapo. Ukishaigeuza iwe 1080p itapungua sana. Kuifomati flashi kwa exFAT nako huondoa mpaka huo, lakini kufomati hufuta kila kitu kilichomo, na TV za zamani nyingi haziisomi exFAT.

Kwa sherehe ijayo, kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, uchague "Most Compatible". Na usizihamishe kwa kuzituma WhatsApp kama video za kawaida. Zinabanwa na ubora unapotea. Zitume kama dokumenti.

TV yangu ni ya chogo, ina matundu ya nyekundu, nyeupe na njano tu. Inawezekana kuona video za simu? (Msomaji, Kigoma)

Inawezekana, na njia nafuu ni flashi. Ving'amuzi vingi vya antena vya DVB-T2 vina tundu la USB na hutoa picha kwa AV, yaani matundu hayo ya rangi tatu. Jaribu MP4 ya H.264 humo, ingawa vingine vimefungiwa tundu hilo. Deki ya DVD ni ngumu zaidi, kwani nyingi hazisomi H.264, bali miundo ya zamani kama AVI ya DivX.

Ukitaka kuunganisha simu yenyewe, mbali na adapta tuliyoieleza juu utahitaji kigeuzi. Soma maandishi yake: kiwe HDMI2AV, yaani HDMI kwenda AV. AV2HDMI kinafanya kazi ya kinyume, na viboksi hivyo vinafanana mno. Kichomeke umeme wa volti 5, na picha ikitoka nyeusi na nyeupe, sogeza swichi ya PAL/NTSC, yaani mifumo miwili ya rangi za TV.

Kurusha video kwenda TV bila waya kunakula bando? (Msomaji, Nairobi)

Ukiakisi kioo kwa Miracast au Smart View (TV ionyeshe kilichomo kwenye kioo cha simu), video iliyomo kwenye simu haili bando. Picha inapita hewani kati ya vifaa viwili. Ukibonyeza alama ya kutuma ndani ya YouTube, TV yenyewe ndiyo inayovuta video kutoka intaneti, na simu inabaki rimoti. Kama TV inatumia hotspoti ya simu yako, bando linaliwa, na ukiizima video inakatika. Filamu za kulipia zikiakisiwa mara nyingi huwa kioo cheusi chenye sauti, kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki. Hiyo si hitilafu ya TV.