Malta na watoto: nendeni Għadira, ila tazameni upepo kwanza

Dada, umeuliza familia yenye watoto wadogo iende ufukwe gani Malta, na kama kuna cha kuona zaidi ya maji. Nimefanya kazi hotelini kaskazini mwa kisiwa, nami nakwambia bila kusita: Għadira, ndani kabisa ya Ghuba ya Mellieħa.

Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni miamba, watu hushukia majini kwa ngazi za chuma. Għadira ni mchanga mtupu, ufukwe wa mchanga mrefu kuliko zote nchini, na kina huongezeka polepole mno. Mtu mzima hutembea mbali, maji bado yako kiunoni.

Lakini kila asubuhi ulizeni upepo. Unaovuma zaidi ni Majjistral, wa kaskazini-magharibi. Pale Għadira upepo huo hutoka nchi kavu, hivyo maji hutulia kabisa, na hapo ndipo pa kuogopa: boya la kupuliza husukumwa kuelekea mlango wa ghuba, na mtoto akiwa juu yake. Siku hiyo maboya yabaki hotelini, tafadhali sana. Ukivuma Grigal, wa kaskazini-mashariki, ghuba haina kinga na mawimbi huingia moja kwa moja. Hamieni ufukwe wa Golden Bay, upande wa magharibi.

Wengi husema Grigal ndio ule Eurakilo wa Matendo ya Mitume 27 ulioipeleka mrama meli ya Mtume Paulo hadi ikavunjikia Malta. Kisiwa kidogo chenye sanamu ya Paulo kipo ghuba ya jirani, St Paul's Bay. Mimi nilisoma sura ile upya nikiwa huko, na ilinigusa kwa namna nyingine.

Juu ya kilima cha kaskazini kuna Mnara Mwekundu, uliojengwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, jeshi la kidini lililotawala Malta wakati huo, kati ya 1647 na 1649 ili kulinda mlango wa bahari ulio kati ya Malta na kisiwa cha Gozo. Kutoka juu mnaona visiwa vya Comino na Gozo, na ghuba yote nyuma yenu. Mji wa Mellieħa una kanisa la kale la Bikira Maria. Mapokeo yanasema picha ya Bikira Maria iliyomo ilichorwa na Luka, mwandishi wa Injili. Nyuma ya ufukwe, ng'ambo ya barabara, kuna hifadhi ya ndege.

Julai na Agosti fikeni mapema, ufukwe hujaa. Njia ya mnarani ni mwinuko usio na kivuli, bebeni maji ya kutosha.