Namna ya kusoma orodha ya machapisho ya mtafiti wa moyo

Madaktari wa shahada ya uzamili wanaonijia kuomba ushauri kuhusu msimamizi wa tasnifu huwa wameshahesabu: profesa huyu ana machapisho mia tatu, yule ana themanini, basi wa mia tatu ndiye bora. Idadi si ya kupuuzwa, lakini katika fani ya moyo kushindwa kufanya kazi inaweza kupotosha, kwa sababu majaribio makubwa ya dawa hufanyika katika mamia ya hospitali, na matokeo yake hugawanywa katika makala nyingi zenye waandishi walewale. Ninachowashauri ni kutafuta swali moja ambalo mtafiti amelifuatilia kwa miaka mingi, kisha kuangalia limemfikisha wapi.

Nikitaka kuwaonyesha, hufungua machapisho ya Profesa Karen Sliwa wa Chuo Kikuu cha Cape Town kuhusu ugonjwa unaodhoofisha misuli ya moyo wa mwanamke mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala katika jarida la Cell, iliyoonyesha kwa kutumia panya kwamba kipande kinachokatika kutoka kwenye homoni ya prolaktini kinaweza kuudhuru moyo. Mwaka 2010 aliongoza jaribio dogo la bromokriptini, dawa inayozuia homoni hiyo, kwa wanawake 20 tu. Mwaka 2017 likafuata jaribio la Ujerumani lenye wanawake 63, lililolinganisha matumizi ya wiki moja na ya wiki nane, bila kundi lisilopewa dawa. Mwaka 2020 ikachapishwa rejista ya wanawake 739 kutoka nchi 49.

Ukizisoma makala hizo kwa mfuatano, unaona uwezo wa mtafiti na pia pengo lililobaki, na pengo hilo ndilo mada ya tasnifu. Bromokriptini hukausha maziwa ya mama. Kwa hiyo mahali ambapo maji salama ya kuchanganyia maziwa ya kopo hayana uhakika, ushahidi wa wanawake wachache hauwezi kumtosha daktari anayeandika dawa hiyo. Kwangu mimi, orodha inayokuonyesha kazi ambayo haijafanyika ina thamani kuliko ile inayokuonyesha sifa tu.

Halafu tazama nafasi ya jina. Katika tiba, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Utafiti wa THESUS-HF, unaohusu moyo kushindwa kufanya kazi, uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, unaanza na Albertino Damasceno wa Msumbiji na kuishia na Sliwa. Lakini msiwadharau walio katikati, kwani hao ndio waliowaandikisha wagonjwa wodini. Ni utafiti huo ulioonyesha kwamba shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa takribani asilimia 45 ya wagonjwa, ilhali kuziba kwa mishipa ya moyo hakukufika asilimia 8.

Jambo jingine ninaloliangalia ni kama mtafiti amechapisha majibu yasiyomfurahisha. Baadhi ya kundi la THESUS-HF walijaribu hidralazini pamoja na naitreti, dawa za kutanua mishipa ya damu, kwa wagonjwa wa Afrika. Jaribio likasimamishwa mapema likiwa na wagonjwa 147, faida haikuonekana, na bado matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Marehemu Bongani Mayosi, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, naye aliongoza jaribio la wagonjwa 1,400 wenye kifua kikuu cha utando wa moyo, ambamo prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, haikubadilisha kwa kiasi cha kutegemewa matokeo makuu yaliyopimwa, ingawa ilipunguza kukakamaa kwa utando huo. Orodha yenye ushindi mtupu hunitia shaka.

Utafutaji wenyewe ni mwepesi: PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, ni bure, na namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti, hutenganisha watu wenye majina yanayofanana. Angalieni pia kama kuna makala iliyoondolewa na jarida. Mkishamchagua mtu, mwandikieni mkitaja jedwali fulani la makala yake na swali mlilolipata hapo. Barua za namna hiyo ndizo nilizoona zikijibiwa, hata na maprofesa wenye shughuli nyingi.