Seva ya pamoja isiuzwe kwa jina la seva binafsi

SWALI: Tovuti za wateja wangu wote zimo kwenye akaunti yangu moja ya seva ya pamoja, yaani kompyuta moja inayohifadhi tovuti za watu wengi. Mmoja anauliza kama ana seva yake peke yake. Nimjibuje?

JIBU: Mwambie ukweli, tena kwa maandishi: seva ni ya pamoja. Kuwa na anwani yake ya IP (namba ya kufikiwa mtandaoni) si kuwa na mashine yake. Prosesa, kumbukumbu na diski bado anagawana na wengine. Kwa tovuti ya kurasa chache, inatosha kabisa. Ila ujumbe wa kosa 508 ukitokea kwenye tovuti, kwa kawaida akaunti imegonga kikomo cha matumizi ya seva, na huenda aliyekimaliza ni mteja wako mwingine. Kibaya zaidi ni hiyo akaunti moja: tovuti moja ikidukuliwa kupitia programu-jalizi (plugin, programu ndogo ya nyongeza) iliyopitwa na wakati, faili za zote ziko wazi. Mfungulie kila mteja akaunti yake.